Mzinga wa Saa Tatu

Nilipokuwa na miaka sita niliamini kwa moyo wangu wote kwamba Vita Vikuu vya Pili bado vinapiganwa Maskati. Dunia nzima imeshaweka silaha chini, sisi tu huku tumesahauliwa, kwa sababu Mwingereza hakuona haja ya kututumia habari.

Nimeyakumbuka hayo juzi, nyumbani kwa binti yangu, mtaa wa Hail, nje ya mji wa kale. Kanunua fanusi ya pambo, kaiweka sebuleni chini ya kiyoyozi, na mimi kwa ukorofi wa uzee nikaitia mafuta ya taa nikaiwasha. Binti kafungua madirisha yote, anakohoa. Lakini harufu ile ilipoingia puani, sikuwa Hail tena. Nilikuwa ndani ya kuta za mji wa Maskati, katika nyumba tuliyojazana kama tende kandani, jamaa wa Unguja watupu, kila mmoja na godoro lake na masikitiko yake.

Tulikuja baada ya mwaka wa sitini na nne: mimi, mama, bibi mzaa mama, na Babu Seif, kaka yake bibi. Baba alibaki nyuma. Kila nikimuuliza mama anakuja lini, jibu lilikuwa moja: “Atakuja mambo yakitulia.” Kisha hugeukia jiko, na mimi nikaachiwa mgongo.

Sasa nisikilizeni hesabu ya mtoto. Bibi alikuwa na hadithi moja kubwa, ya Unguja wakati wa vita vya Mjarumani. Mchele haba, watu wanakula muhogo mpaka wanauota, na usiku taa zinafunikwa kitambaa cheusi ili adui asiuone mji. Babu Seif mwenyewe alipelekwa Burma, kwenye vita na Wajapani, kuendesha lori la jeshi. Alirudi na koti zito la vifungo vya shaba na goti lisilokunjika. “Vita ni kungoja,” bibi alikuwa akisema. “Anayepigana anangoja, na anayepika anangoja.”

Na Maskati nikaona nini? Kukishakuwa giza, ngoma zinalia ngomeni, halafu saa tatu, mzinga. Ukilia mzinga ule, samaki bandarini wanaelea tumbo juu, na meno ya bibi yanabadilishana nafasi. Papo hapo milango ya mji inafungwa. Anayetoka njiani baada ya hapo lazima abebe fanusi ya mafuta, tochi haikubaliwi, walinzi wamwone uso. Ikiwa hivyo si vita, basi vita ni vipi?

Nilikwenda kuhakikisha kwa Zahor, mtoto wa ami yangu, niliyelala naye ukumbini, aliyetutangulia kufika kwa miezi michache na kwa hiyo alijua kila kitu.

“Wewe hukuambiwa?” alinishangaa. “Hapa vita havijesha. Wajapani wako nyuma ya jabali lile pale.”

“Wanafanya nini?”

“Wanangoja mlango usahauliwe wazi.”

Basi mambo yote yakanikalia sawa kichwani. Baba haji kwa sababu mambo hayajatulia, na mambo hayajatulia kwa sababu vita havijaisha. Nyumba nzima imekaa inalalamika, na askari wa kuvimaliza tunaye sisi wenyewe, amelala ukumbini anakoroma.

Nikaanza kumtengeneza Babu Seif. Kipande changu cha nguru nilimsukumia yeye. Vifungo vya koti nilivisugua kwa majivu na ndimu mpaka ukiviangalia unataka kupiga chafya. Goti lake nililikanda kwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni, na kila nikimaliza humuuliza, “Babu, linaweza kukimbia?”

“Nikimbilie wapi, mwanangu?”

“Basi tu. Nauliza.”

“Mtoto huyu ana adabu,” alimwambia bibi.

“Ana lake,” bibi akamjibu. “Adabu haikandi magoti ya watu.”

Kitu kimoja kilinitia moyo. Kila mzinga ulipolia, kikombe cha kahawa mkononi mwa Babu Seif kilitikisika, naye akakiweka chini polepole. Nilijua ni hamu ya kurudi vitani. Niliishi na jibu hilo miaka mingi, hadi nilipokuwa mtu mzima na ndevu zangu, nasoma shule ya usiku, mwalimu akatufundisha habari za vita vile. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nakiona kikombe. Mzee yule alikuwa akiogopa kila usiku, na kila usiku alikaa palepale karibu na mlango, sisi tukiwa nyuma yake.

Siku moja baada ya alasiri, mchukuzi mmoja akaja kutuambia kwamba baba ameteremka Matrah, bandari ya jirani nje ya kuta, kwa meli ya Mombasa. Anangojea mizigo yake forodhani, akiipata atakuja. Mama aliingia ndani akavaa kanga mpya, akatoka akachoma mikate ya ufuta mingi ya kulisha jeshi zima, letu na la Wajapani. Nilikaa kizingitini. Magharibi ikapita. Isha ikapita. Mikate ikapoa, mama akaifunika, akaifunua, akaifunika. Ngoma zikalia ngomeni. Nikamwangalia mama, mama akaangalia chini.

Mzinga ukalia. Milango ikafungwa, na baba yuko nje, upande wa Wajapani.

Sikulia kwanza. Nilikwenda ukumbini, nikaliangua koti msumarini, nikaliburura mpaka miguuni pa Babu Seif.

“Vaa, Babu. Goti limepona.”

“Nivae niende wapi?”

“Vitani. Nenda ukavimalize, baba yuko nje.” Hapo ndipo nilipolia, na maneno yote yakatoka pamoja, Mwingereza, Zahor, jabali, kipande cha nguru.

Zahor, aliyekuwa macho sasa hivi, akalala ghafla. Bibi alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika, na mpaka leo sijui alikuwa akicheka au akilia. Babu Seif aliweka kikombe chini. Alinifunika lile koti, likaniteremka mpaka sakafuni, linanuka ndimu, akanipakata juu ya goti lake zima.

“Vita vilikwisha zamani, mwanangu,” akasema. “Vilikwisha mimi niko hukohuko Burma, nikarudi nyumbani. Mzinga ule ni wa kufunga mlango tu. Alfajiri wanaufungua.”