Mahindi ya Juu ya Meko

Juzi, hapa Same mjini, nilimwona mjukuu wangu mdogo akikanda unga na mama yake, mashavu meupe kwa unga huo, akicheka kwa furaha. Nilikumbuka alasiri moja kijijini kwetu Bombo, baba akiwa vitani akiwapigania Waingereza na mvua zimegoma.

Juu ya meko yetu yalining'inia mahindi yaliyopigwa moshi hadi yakawa meusi. Kuyagusa kulikuwa kosa. Siku ile mama aliyashusha mwenyewe, akanipakata.

"Haya mwanangu, nisaidie kupukuchua."

Vidole vyangu vilinuka masizi. Kila punje ilipodondoka chunguni nilicheka. Nilidhani nimekuwa mkubwa, na kwamba makande tuliyokuwa tukiyapika ni ya sikukuu.

Bibi alikaa mlangoni, ametugeuzia mgongo.

"Bibi, njoo ule, nimepika mimi!"

"Kula wewe, mjukuu wangu. Mimi nimeshiba."

Nilikula, nikalamba mwiko, nikamwomba mama kesho tushushe mengine. Mama alitazama juu, kwenye kamba tupu.

Yale yalikuwa mbegu. Alasiri ile tulikula shamba la msimu uliofuata, nami nikaomba niongezwe.