Usingizi wa Kathuri

Kaka yangu Kathuri ni mchuma miraa, na Kianjai nzima inamjua kwa kazi hiyo. Ukimsema kwa mengine sitakupinga, lakini mtini hana mwenzake. Shida ni kwamba mtu anayetafuna miraa mchana kutwa hapati usingizi. Rafiki yake mmoja, Mungu amsamehe maana mimi nimeshindwa, akamwonyesha tembe za usingizi zinazouzwa kichinichini sokoni. Akaanza na moja. Sasa anazimeza kama njugu. Asubuhi anaamka mzito, na inabidi atafune tena ndipo azinduke.

Mkewe, Kananu, hana raha. Kathuri akienda kazini, yeye hushinda akitega sikio, asije mtu mbio na habari mbaya.

"Wifi, siku moja wataniletea mwili," aliniambia.

Nikamwambia aache kujiitia mikosi. Lakini hata mimi nilikuwa naogopa, tena sana.

Kisha kijana wao Mugendi akapata mchumba. Kwetu watu hawaendi kuposa bila shada la miraa teule, na Kathuri akashikilia kwamba atalikata mwenyewe, kwenye mti mkongwe wa babu yetu. Tulimsihi amwachie mtu mwingine.

"Mnataka wakwe waseme Mugendi hana baba?" akatuuliza.

Akapanda. Mimi na Kananu tukabaki chini tukimtazama. Alipofika juu kabisa, akaketi tawini kando ya shina, akakata vijiti viwili vitatu, kisha mkono ukalegea. Kisu kikaanguka karibu na mguu wangu. Nilidhani kimemponyoka tu, kumbe mwenyewe amelala. Kichwa kilikuwa kimeinama, miguu inaning'inia, na mwili umeanza kuegemea upande usio na kitu.

Nikafungua mdomo nimwite. Kananu akaniziba kwa kiganja, maana Kathuri akishtuka tu, ameanguka.

Kwetu mwanamke hapandi juu ya mti wa miraa. Husemwa kwamba mti utakauka. Na ukauke! Kananu alivua viatu, akajifunga leso kiunoni, akapanda. Kila tawi lilipolia nilifumba macho, nikasema sasa nazika wawili. Akamfikia. Akamkumbatia taratibu, akamfunga kwenye shina kwa ile leso, akakaza fundo kwa meno. Hapo nikaanza kumshukuru Mungu.

Kathuri akafumbua macho. Akamwona mkewe, akaiona leso, akatazama chini akaniona. Nilingoja amkemee Kananu kwa kupanda, au alie, au aape kwamba ameacha. Akaingiza mkono mfukoni mwa shati.

"Nishike vizuri, Mama Mugendi," akasema kwa sauti ya chini. "Ngoja kwanza nimeze moja, ndio niweze kushuka."