Theluthi ya Wimbo wa Sista Agneta

Enzi zetu za misheni, kati ya Ruiru na Thika, siku ilianza kwa kengele, ikafuata uji uliochacha, kisha harufu ya maganda ya kahawa yanayooza kule kiwandani ng'ambo ya mto. Mliosoma pande hizo mnaijua harufu hiyo. Ukishaizoea unadhani dunia nzima inanuka hivyo. Wasichana waliruka kamba za katani, wakacheza mawe matano kwenye ngazi za kanisa, wakagombania mabaki ya githeri chini ya sufuria mpaka Sista wa jikoni akashika mwiko. Ningependa kusema tulicheza, lakini mimi zaidi nilitazama.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la misheni. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na watu wetu hawakuruhusiwa kwenda popote bila pasi. Baba alikuwa na pasi ya kupita kila mahali, kwa sababu ndiye aliyebeba unga na mizigo ya mapadri. Pasi hiyo ilitulisha, na ndiyo iliyoninyima marafiki. Wasichana wa bweni, ambao wengi baba zao walikuwa kizuizini, walisema mtu hapewi pasi kama ile bure. Nikikaribia, mazungumzo yalikatika. Mama alinifariji kwa njia yake: "Wewe soma, Wairimu. Marafiki ni kama mvua, itafika tu." Mimi nikaona huo ukame umezidi.

Aliyeniokoa ni Sista Agneta, mwalimu wa muziki kutoka Ulaya, mrefu, mkimya, mwenye Kiswahili cha kuokotaokota. Wengi aliwafundisha nyimbo za kanisa. Lakini moyo wake ulikuwa kwa muziki mwingine, ule mpya uliokuwa ukitungwa kwao wakati ule, wa watu wachache wanaocheza chumbani: piano, fidla na selo. Selo, kwa asiyeijua, ni fidla kubwa ambayo mchezaji huiegemeza kifuani akiwa ameketi na kuishikilia kwa magoti. Alinipa mimi kwa sababu nilikuwa na mikono mirefu. Cucu, mama yake baba, alipokuja kututembelea akanikuta nimekaa hivyo, alifunika uso kwa leso yake. "Msichana hukaa amefunga magoti," akasema, na hakutaka kusikia habari ya muziki wala ya Ulaya. Sista akanishonea sketi pana kutokana na pazia la zamani la ukumbini. Cucu akaridhika, ingawa mpaka anakufa hakuwahi kukisifu kile chombo.

Fidla alipewa Njoki, msichana wa bweni kutoka upande wa Gatundu, mfupi, mbishi, mwepesi wa kucheka. Baba yake naye alikuwa kizuizini. Mwanzoni alinitazama kwenye paji la uso tu. Lakini muziki ule hauna mtu wa kupunga mkono mbele kama kwenye kwaya. Mnaanza kwa kutazamana machoni na kuvuta pumzi pamoja, na usipotazamana na mwenzako mnaanguka kabla ya kuanza. Tulianguka wiki nzima. Siku moja tulianguka vibaya hata Sista akaweka kichwa juu ya piano, na Njoki akaanza kucheka, nami nikacheka, na jioni ile akaniwekea nafasi kwenye benchi la chakula. Wenzake walinuna. Njoki aliendelea kula.

Sista alitutungia muziki wake mwenyewe, sisi watatu, yeye akiwa kwenye piano. Haukuwa wimbo wa kuimbika. Katekista wetu alisema unasikika kama mtu anayetafuta mlango gizani, na alisema kwa kuulalamikia. Fidla ndiyo iliyobeba mambo yote. Piano iliuliza maswali. Mimi nilikuwa na sauti ndefu za chini, halafu kimya kirefu, halafu sauti mbili, halafu kimya tena. Nilipolalamika kwamba yangu si kazi, Sista aliniambia, "Kazi yako ni kungoja Njoki." Tulijifunza kila mmoja sehemu yake mpaka karatasi hatukuzihitaji. Ule mwaka nilikuwa na furaha. Niseme wazi, kwa sababu najua nchi ilikuwa kwenye nini.

Zikiwa zimebaki siku chache kufikia sikukuu ya misheni, ambapo tungecheza mbele ya wageni, mjomba wake Njoki alikuja kumchukua. Watu wa kwao walikuwa wamehamishiwa kwa nguvu kwenye kijiji kilichozungushiwa mtaro, na mama yake alichimba mtaro huo kutwa nzima. Watoto wadogo hawakuwa na wa kuwaangalia. Baba yangu ndiye aliyewapeleka kwa lori. Njoki alipanda na sanduku lake la bati, akainama akaniambia, "Usikubali nafasi yangu apewe mtu mwingine. Nitarudi."

Sista hakumpa mtu. Siku ya sikukuu tulicheza wawili, tukaacha kiti chake wazi na kimya mahali pa sauti yake. Katikati ya kimya kirefu kuliko vyote mzungu mwenye shamba la kahawa alidhani tumemaliza, akapiga makofi, wote wakamfuata, na nusu ya ukumbi ikasimama kutafuta chai. Tuliendelea mpaka mwisho hata hivyo. Niliangalia kile kiti nikivuta pumzi, kama tulivyofundishwa.

Njoki hakurudi. Kabla ya Uhuru Sista aliugua akarudishwa kwao, na baadaye ikasomwa misa ya kumwombea marehemu. Karatasi zake sijui zilikoishia. Hivyo nilibaki na theluthi ya wimbo, na theluthi yenyewe ni ile ya kungoja.

Nilifundisha shule maisha yangu yote, na nilipostaafu nilinunua selo kuukuu Nairobi. Jioni naicheza ile sehemu yangu. Mjukuu wangu Shiru, ambaye anajifunza fidla shuleni, hucheka mpaka anakaa chini. "Shosho, hiyo ni ngoma ama network imepotea?" Yeye ana piano ndani ya simu, inayomsindikiza akicheza. Haichoki, hainuni, haina baba mwenye pasi. Pia haimtazami, na akichelewa inamwacha hapo hapo, lakini ukimwambia hivyo anakuona mshamba.

Hata hivyo ni Shiru aliyempata Njoki. Aliuliza kwenye grupu la akina mama wa kanisa, na kesho yake jibu likaja: yuko Theta, kwa mwanawe. Miaka yote nilikuwa nimemtafuta kwa kuuliza kwenye mazishi na harusi, mtoto akamaliza kazi kwa kidole gumba. Tulikwenda Jumamosi, selo ikiwa nyuma ya gari. Usiku kabla yake sikulala.

Alinitambua mlangoni. Tulishikana mikono muda mrefu, tukanywa chai na nduma, tukahesabiana watoto. Ndipo nikamwuliza kama anaikumbuka sehemu yake, hata mwanzo tu, hata kwa kunong'ona.

Alisugua kikombe. "Wairimu, nikiufungulia wimbo huo mlango, kuna mengine yataingia nao. Wadogo zangu wawili tuliwazika ndani ya kile kijiji. Nilifunga yote pamoja. Sikuchagua."

Nikamwomba basi anisikilize mimi. Nilicheza yangu yote, na sauti zangu na vimya vyangu, huku nikimtazama machoni kila mahali alipopaswa kuingia. Alinitazama pia. Hakuingia. Nilipomaliza alisema kwa upole, "Ni nzuri. Lakini mbona ina upweke hivyo?"

Enzi zetu mtu akichukuliwa alichukuliwa kabisa, na aliyebaki alibaki na ahadi. Watoto wa siku hizi hawapotezani, wanagombana leo na kesho wanatumiana picha za chakula. Pengine ni heri. Mimi na Njoki sasa tunapigiana simu kila Jumapili baada ya kanisa. Tunaongea habari za magoti, mvua na wajukuu, tunacheka, na nikikata simu nyumba inakuwa kubwa. Rafiki yangu nimempata, Mungu ashukuriwe. Wimbo wetu simwulizi tena, na hakuna mwingine aliye hai ninayeweza kumwuliza.