Mbegu Katika Mkono wa Shati

Tulikwenda bondeni Ruvu kuwasaidia watu waliokumbwa na mafuriko, tukawalia mbegu ya mpunga. Nalisema hili mapema, asije mtu akadhani anasoma habari za mashujaa. Tulikuwa wanaume watatu wa Kisarawe, tumeshiba na tumevaa viatu, na kazi tuliyoifanya vizuri kuliko zote huko ilikuwa kula.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, vita vikubwa vimekwisha na kitambaa cha marekani kimeanza kupatikana tena madukani. Masika ile mvua ilinyesha mpaka mto ukaacha njia yake na kuingia majumbani. Ijumaa moja, baada ya sala, tukapewa habari kwamba watu wa bondeni wanalala juu ya madungu, vile vichanja virefu vya kufukuzia ndege mashambani. Imamu akauliza nani atawapelekea msaada. Mwalimu wa madrasa akanyoosha mkono kwa sababu alikuwa safu ya mbele na watu walikuwa wanamtazama. Muuza nyama akanyoosha kwa sababu mwalimu amenyoosha, na hakupenda kupitwa. Mimi, fundi cherehani, nilinyoosha kwa sababu mke wangu alikuwa amenuna wiki nzima, nikaona heri mafuriko.

Majirani walitoa unga wa muhogo na chumvi. Mimi nikashona mashati kumi na mawili ya marekani, yote bila vifungo, kwa hoja kwamba mtu aliyezungukwa na maji hana haja ya vifungo. Tukapanda treni Pugu. Ikatushusha Soga, maana mbele yake reli ilikuwa chini ya maji. Tukatembea kutwa na mizigo kichwani, na kila tulipotaka kupumzika mwalimu alitukumbusha thawabu, ingawa mzigo wake ndio uliokuwa mdogo.

Tulipofika kwenye maji, mzee mmoja akakubali kutuvusha kwa mtumbwi wake. Alituomba jambo moja tu, tusisimame. Katikati ya maji mwalimu akaona nyoka, au fimbo, mpaka leo hatujakubaliana, akasimama ili aisomee dua. Mtumbwi ukapinduka. Sisi watu wa milimani maji tunayoyajua ni ya mtungini, kwa hiyo waliozungukwa na mafuriko ndio waliokuja kutuopoa, mmoja mmoja, huku wanacheka. Unga wote ukaenda na mto. Kilichookoka ni furushi la mashati, kwa kuwa lilielea.

Ukingoni alisimama bibi mmoja, khanga kifuani na nyingine kichwani.

"Nyinyi ndio msaada?" akauliza.

"Shikamoo bibi," nikasema, huku natapika maji.

"Marahaba, mume wangu. Miaka yote hii naomba mume, naletewa asiyejua kuogelea! Haya, njoo uote moto."

Kwetu bibi na mjukuu ni watani, hata kama mjukuu mwenyewe ameokotwa majini. Tangu saa ile nikawa mume wake, na wale wenzangu wawili wakawa mashemeji.

Kitongoji chao kilikuwa juu ya mwinuko, nyumba kumi hivi, maji pande zote. Mto ulizidi kujaa na mwenye mtumbwi akaapa kwamba hampakii tena mtu aliyesoma. Tulikaa siku tano. Kila asubuhi tulisikia mchi ukitwanga uani kwa bibi, na kila adhuhuri wali ukaja, mweupe, wenye harufu nzuri, na samaki kambare pembeni. Muuza nyama, ambaye hakuwahi kumkubali kambare kuwa kitoweo, alilalamika lakini alimaliza. Mwalimu alisema hajapata kula wali kama ule. Mimi niliomba ukoko. Bibi mwenyewe alisema ameshakula jikoni, nasi tukamwamini, kwani ilitufaa kumwamini.

Siku ya nne mwanamke wa nyumba ya jirani akapita, akanikuta nakwangua sufuria.

"Kula, baba," akasema. "Unakula shamba la mwaka huu."

Nikamwomba anieleze, naye hakunificha. Mpunga ule haukuwa wa kununuliwa dukani. Ulikuwa aina ya bondeni, unaorefuka kadiri maji yanavyopanda, na bibi aliurithi kwa mama yake. Maji yalipoingia nyumbani aliacha vyungu na mikeka, akabeba masuke ya mbegu tu, akayatundika juu ya moshi wa jiko. Maji yakipungua alikusudia kupanda upya. Asipopanda, angekaa mwaka mzima akila kwa watu.

Niliingia jikoni, nikatazama juu. Zilibaki kamba.

"Bibi, kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Mume wangu amefika amelowa, ana njaa, nimwambie subiri mpaka mwakani?"

Nimewahi kumshonea bwana harusi suruali yenye mguu mmoja mfupi, akaivaa mbele ya wakwe. Aibu ile haikufika robo ya hii.

Siku iliyofuata maji yalishuka na wenzangu wakaondoka. Mwalimu alisema ile ilikuwa riziki yetu, imekwisha kuandikwa. Muuza nyama aliahidi kumletea bibi mbuzi, na mbuzi huyo mpaka leo yuko njiani. Mimi nikamuuliza bibi kama kuna mtu ambaye yeye aliwahi kumgawia mbegu yake. Akanitajia binti wa dada yake aliyeolewa Kwala, na mwingine Gwata.

Nikaenda Kwala kwa miguu, tope mpaka magotini. Yule mama aliposikia natoka kwa mama yake mdogo, alifurahi mno. Akaniwekea mkeka, akapanda darini, akashusha masuke ya mbegu, akashika mchi. Nilipiga kelele asitwange, akadhani naona haya tu. Sikuwa na njia nyingine, nikaruka nikakaa juu ya kinu. Kwa heshima za kwetu mwanamume hakalii kinu cha watu, nami nilikikalia mpaka aliponisikiliza hadithi nzima. Alicheka akafuta machozi, kisha akanipa konzi tatu za mbegu. Gwata sikuthubutu hata kuingia uani. Nilisimama nje ya ua, nikaapa nimeshiba, nikaomba mbegu kwa mbali kama mtu mwenye ndui.

Sikuwa na mfuko. Nilikata mkono wa shati moja katika yale mashati yangu, nikaufunga ncha moja, nikatia mbegu, nikafunga ya pili. Ndiyo kazi ya maana pekee iliyofanywa na shati lile.

Bibi aliupima mkono ule kwa kiganja, akasema hautoshi shamba lakini unatosha kuanza. Tukapanda pamoja siku mbili. Alinilisha kambare asubuhi na jioni.

"Wali basi, mume wangu," akasema. "Mimi na wewe na wali tumeachana."

Mavuno yalipofika nilirudi kumtazama, akanirudishia ule mkono wa shati, umejaa. "Mpe mke mwenzangu autundike juu ya moshi wake. Huko kwenu maji hayafiki. Na wewe usiukaribie."

Mke wangu alisikia habari yote, akacheka mpaka ununaji wake ukaisha, akautundika. Kila mwaka bibi alituma mbegu mpya, tukapika ile ya zamani. Marekani ikawa nyeusi kwa moshi.

Miaka kadhaa ikapita, mto ukatoka tena. Kisarawe mwaka ule nasi tulikuwa na njaa, dukani hamna punje ya mchele. Mchana mmoja nikasikia hodi. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, amekonda, miguu imevimba, ana fimbo na khanga moja. Safari hii nyumba ilikwenda na kila kitu. Mke wangu akamtandikia mkeka, akaenda jikoni, na chakula kilichokuwamo kilikuwa muhogo, chumvi na maji.

Nikamwona mke wangu anatazama juu ya moshi. Akaushusha ule mkono wa shati, akatoka nao uani, akashika mchi.

"Mgeni huyu," akaninong'oneza. "Mke mkubwa! Nimpe muhogo wa chumvi? Alikulisha nini wewe?"

Nilikwenda nikakaa juu ya kinu. Sasa nilimwelewa bibi, na nilimwelewa mke wangu, na nilitamani kuinuka. Nilikaa.

Bibi alikuwa anatuona kupitia mlangoni.

"Mwache hapo hapo," akamwambia mke wangu. "Leta hicho ulichoshika."

Akaupakata ule mkono wa shati, akaufungua taratibu, akaingiza vidole, akanusa. Zilikuwamo zote. Akalia. Hakulia kwa nyumba, wala kwa miguu, wala mara ile tulipommalizia mbegu, lakini siku ile alilia sana, na mke wangu akalia naye, na mimi juu ya kinu changu nikalia bila haya.

Kisha akafuta uso kwa pindo la khanga, akafunga mbegu mafundo mawili, akaletewa muhogo, akaumaliza.

"Mume bahili wewe," akasema. "Mke mkubwa katoka Ruvu na miguu hii, unamlisha muhogo."

Akanyoosha sahani aongezewe.