Mtafsiri wa Filamu Aliyekataa Kusema

Alhamisi mchana nilikuwa barazani naandika maoni yangu ya filamu mbili za wiki hii, kama mlivyonizoea. Moja niliitazama nyumbani na wanangu, nyingine niliiona ukumbini nilipokwenda Mwanza kwa shughuli zangu. Ya nyumbani nilikuwa nimeyasifia mapigano yake na kuulaumu mwisho. Mtu ameporwa shamba, amechomewa nyumba, amehangaika saa mbili nzima kumtafuta mbaya wake, halafu dakika ya mwisho anamsamehe na wanakula wali sahani moja. Nikamkumbuka rafiki yangu wa Isevya, nikawaza namna atakavyoitukana filamu hiyo, nikampigia simu anichekeshe. Akapokea mkewe. "Shemeji," akasema, "mwenzio ametutoka saa saba hii. Kifua." Maoni yale sikuyamaliza, wala sina hamu ya kuyamalizia.

Wengi wenu mlimjua marehemu bila kujua kwamba mnamjua. Kwa miaka mingi alikuwa mtafsiri wa filamu katika kibanda umiza kimoja karibu na stesheni ya Tabora, chumba cha mabati chenye mabenchi na televisheni moja, ambamo watu walibanana jua la mchana kutazama muvi za nje. Yeye alikaa pembeni na kipaza sauti, akiwasemea wahusika wote, wanaume kwa wanawake, steringi na adui. Kiingereza alikuwa nacho cha kuombea maji. Kihindi na Kichina hakuvijua kabisa. Alisoma nyuso. Adui akiingia na suti yake, marehemu alikuwa akisema, "Mtazameni vizuri huyo. Ndiye anayeipa tumbaku yako daraja la mwisho, na wewe umeihangaikia msimu mzima!" Wakulima waliokuja na treni kutoka Urambo walishangilia mpaka mabati yakatetemeka. Kuna filamu niliyoiona kwanza kibandani kwake, kisha nikaja kuiona tena kama ilivyotengenezwa na wenyewe. Ya kwake ilikuwa bora.

Tulifahamiana kwa ugomvi. Zamani kidogo niliandika katika safu hii kusifu sidii za filamu zilizotafsiriwa ambazo zilikuwa zimeanza kuuzwa kila stendi, kuanzia Nzega hadi Kigoma. Nikamsifu mwenye kibanda, tajiri aliyekuwa amemwajiri marehemu, kwa kuwa jina lake ndilo lililotajwa mwanzoni mwa kila sidii: "Mtafsiri wako ni mimi, fulani bin fulani." Niliandika kwamba mkoa wetu umepata sauti ya dhahabu. Siku tatu baadaye mtu mrefu, mwembamba, amevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri, akabisha hodi kwangu akiwa na gazeti mkononi.

"Bwana mwandishi," alisema, "hii sauti uliyoisifu, unaisikia sasa?"

Nikaisikia. Nikamkaribisha ndani, akakataa kukaa mpaka amalize kunieleza. Mwenye kibanda alikuwa amemrekodi kwa siri, mwaka mzima, kisha akalikata jina lake mwanzoni na kuchomeka la kwake. Marehemu alikuja kuligundua hilo ndani ya basi, akienda Lusu, upande wa Nzega, kumzika shangazi yake. Kondakta aliweka filamu, na kwenye spika ikatoka sauti yake mwenyewe, ila jina lilisemwa na sauti nyingine, ya kubana pua. Alisimama katikati ya basi akasema, "Jamani, huyo ni mimi." Watu wakacheka. Mama mmoja mwenye kapu la kuku akamwambia, "Kaa chini baba, usije ukaanguka." Basi yeye, akiwa bado amesimama na ameshika kiti, akaanza kutafsiri. Kila sentensi aliitoa kabla ya spika kuitoa, kwa sauti ileile, kwa pumzi ileile, mpaka kikohozi alichowahi kukohoa mwaka uliopita alikikohoa mahali pake. Kicheko kikafa. Kondakta akapunguza sauti ya spika mpaka mwisho, na mtu wa Isevya akaendelea peke yake hadi Nzega. Alipokuwa akishuka, yule mama alimwambia, "Wamekuonea." Aliniambia kwamba neno hilo moja ndilo lililomtuma kwangu.

Niliandika masahihisho siku hiyohiyo. Hayakutoka. Mhariri wa wakati ule aliyasoma, akaniambia mwenye kibanda ndiye anayelilipa gazeti matangazo mengi ya biashara na mimi nina watoto wa kusomesha. Nikayaweka kwenye droo. Nawaambieni leo kwa sababu sitaki mnione msafi katika habari hii.

Marehemu hakunisubiri. Mwenye kibanda, kwa umaarufu wa sauti ya kuiba, alifungua ukumbi wa sinema wenye viti laini na kiyoyozi. Siku ya ufunguzi, Jumamosi saa nane mchana, nilikuwepo kwa kazi. Marehemu alikata tiketi kama mtu yeyote, akaketi safu ya mbele. Wageni walikuwa wengi, na filamu ilipoanza kwa lugha ya kigeni wakaanza kudai, "Tutafsirie mwenyewe! Tutafsirie hapahapa!" Mwenye ukumbi akakwepa kwa maneno mengi, wakazidi kupiga makofi. Mwishowe akashika kipaza sauti. "Sasa huyu… anakwenda pale," alisema kwa sauti ya puani. "Amefika. Anaongea na mwenzake."

Watu wakaanza kuguna. "Siyo yeye!" mmoja akapaza sauti. Mzee mmoja wa mtaa wa Cheyo aliyekuwa mteja wa siku nyingi akasimama na kunyoosha mkono. "Mwenye sauti si huyo hapo mbele?"

Nilimwona tajiri yule akishuka, akapiga goti mbele ya kiti. "Kaka, niokoe. Dakika kumi tu."

Marehemu hakutikisika. Alimtazama kwa utulivu, akamjibu kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliitambua: "Mtafsiri si wewe? Tafsiri."

Watu walitoka wakizomea. Ukumbi ule haukumaliza mwaka. Sasa ni ghala la mpunga, na kila nikipita pale naangalia magunia yake na kufurahi. Lakini marehemu naye hakushika kipaza sauti tena. Alisema mtu akiibiwa sauti mara moja, akiitoa tena anamwongezea mwizi. Akarudi kushona nguo, kazi aliyoachiwa na baba yake. Jumapili alasiri alikuja kwangu tukatazama filamu, na za kusameheana alizizima kabla hazijaisha. "Huyu mwandishi wake hajaibiwa kitu maishani," alikuwa akisema. Nilimwuliza kama anajuta. "Siku mojamoja. Siku nyingine nalala vizuri sana."

Mji wetu huu ulikuzwa na migongo ya wapagazi. Watu wa hapa walibeba pembe na nguo mpaka pwani na kurudi, miezi kwa miezi, lakini ukiuliza leo njia ile ilikuwa ya nani utatajiwa wenye misafara. Fundi aliyetengeneza kiti ulichokalia humjui, ila mwenye duka jina lake limeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu. Tumezoea, na mazoea hayo ndiyo yaliyomfanya mhariri wangu aone jambo dogo, na mimi nifunge droo.

Tulimzika Ijumaa baada ya sala. Siku ya tatu, tukiwa tumeketi chini ya turubai nyumbani kwake, mwenye ukumbi akaja na spika ndogo. Akasema kwa huzuni kwamba marehemu alikuwa kama ndugu yake, akaomba aweke zile sidii za zamani ili waombolezaji waisikie sauti yake. Wazee wakatazamana. Kabla hawajajibu, mjane akasema kutoka nyuma ya pazia la mlango.

"Hapo mwanzo anatajwa nani?"

Yule bwana akainama kuwasha spika.

"Nimekuuliza, anatajwa nani?"

"Mama, hayo ni mambo ya…"

"Basi aliyetajwa yu hai, amesimama uani kwangu. Sisi tuna msiba wa mtu mwingine. Chukua chombo chako."

Akakichukua. Hakuna aliyemsindikiza, nami nilisogeza mguu wangu ili apite asinikanyage.

Nilichojifunza nakisema wazi: mtaje mfanyakazi kwa kazi yake wakati bado ana masikio ya kusikia, na ukinyamazishwa, usikubali kukaa kimya miaka yote hiyo kama mimi. Kusamehe sikuombwa, wala si kazi yangu. Na wewe bwana mwenye ukumbi, najua unasoma safu hii. Umelitafuta jina lako tangu mstari wa kwanza na hujaliona. Mwenzio aliishi hivyo mpaka tukamzika.