Kikaango cha Mjomba na Chiriku wa Baba

Mjomba wangu alikuwa mpishi wa melini, na kila aliposhuka Mombasa hakuja kwetu Bofu, ng'ambo ya feri, mikono mitupu. Safari moja, katika miaka ya themanini, alimletea mama kikaango cheusi ti, chepesi, ambacho yai liliteleza ndani yake bila kushika. Majirani walikuja kukitazama. Mimi sikukipenda tangu siku ya kwanza. Nilijiuliza huo weusi umepakwa nini hata chakula kikakataa kuushika, na sisi ndio tule kilichopikwa humo. Mama akaniambia niache uchuro.

Kwetu chombo kipya hakipikiwi hivi hivi. Kiwe cha udongo au cha chuma, huwekwa kwanza motoni kikavu, kiungue mpaka harufu ya dukani itoke. Mama akakoleza jiko la makaa, akakibandika kikaango kitupu, akaenda kuswali adhuhuri. Mvua ya masika ilikuwa ikinyesha, kwa hiyo tundu la chiriku wa baba lilikuwa limeingizwa jikoni na dirisha limefungwa.

Aliporudi alikuta moshi mwepesi wenye harufu kali, na chiriku amelala chali ndani ya tundu.

Baba alimpenda ndege yule kuliko alivyotupenda sisi, na sisemi kwa utani. Alipotoka kazini alimgeuzageuza kiganjani, akanusa uwele wake, akamwaga maji yake, kisha akatazama ng'ambo ya ua. Huko alikaa mpangaji wetu, fundi cherehani, mama mmoja wa bara mwenye mtoto mchanga. Juzi yake tu alikuwa amelalamika kwamba ndege anamwamshia mtoto.

"Huyu ndege ali mzima asubuhi," baba alisema. "Wallahi katiliwa kitu."

Hakuna aliyemshtaki usoni, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Mama alitia kufuli mlango wa jikoni. Sahani za chakula zilizokuwa zikivuka ua jioni zikakoma, na alizoleta mpangaji tukaambiwa tumwage. Akisema "Shikamoo, mama," alijibiwa marahaba ya kukata. Baba naye akaanza kusema chumba anakitaka, kuna jamaa yake anakuja. Jamaa huyo sijamwona hadi leo.

Asubuhi moja mpangaji alimfuata mama jikoni.

"Mama, mimi sijamgusa ndege wenu. Mwanitoa na mtoto kwenye mvua hii, niende wapi?"

"Hakuna aliyekutaja," mama akamjibu, akigeuza chapati kwenye kikaango kile kile.

Alipotoka nikasema labda ni ule moshi. Mama alinikata jicho.

"Moshi wa kikaango uue ndege? Nduyangu ndiye wa kuniletea mimi sumu?"

Nikatoka jikoni kwa hasira. Mpangaji akahamia Changamwe, mtoto mgongoni, cherehani juu ya mkokoteni, na mvua haijakatika.

Baba akanunua chiriku mwingine. Kiangazi kizima aliimba kibarazani, salama salimini. Masika yaliporudi, tundu likaingizwa tena jikoni. Siku hiyo mama alikuwa amekaanga samaki, na ili kuondoa shombo akakirudisha kikaango kikavu kwenye makaa, akaenda kumpokea mgeni mlangoni. Mimi nilikuwa ukumbini nakunja nguo, macho yangu kwenye tundu. Chiriku aliyumba juu ya kijiti, akafungua mdomo, akaanguka. Nilipofika kufungua dirisha nilikuwa nakohoa, naye ameshakufa.

Mama alikuja akasimama. Kisha akatazama ng'ambo ya ua, kwenye chumba cha mpangaji. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli letu wenyewe, hakuna mtu ndani.

Mjomba alipokuja tulimweleza, naye akashika kichwa. Melini, alisema, kikaango cha aina ile hakiachwi kitupu juu ya moto mkali. Kikizidi joto, ule weusi hutoa moshi mbaya, na ndege ndio wa kwanza kuushindwa.

"Mbona hukunambia?" mama akamuuliza.

"Nitajuaje kwamba waunguza kikaango kitupu?"

Hadi leo wauzaji wakiniapia kwamba vyombo hivi havina neno, huwasikiliza tu. Nyumbani natumia moto mdogo na dirisha liko wazi.

Juma lile mama alipika chapati, tukavuka feri mimi na yeye, tukaulizia Changamwe mpaka tukampata. Mpangaji wetu alitukaribisha. Mtoto wake alikuwa sasa anatembea. Mama alieleza yote bila kujificha: moshi, ndege wa pili, ule mlango uliofungwa. Akamwomba radhi huku analia, na mimi nikaona fahari kuwa mwanawe.

Mpangaji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaitazama sahani.

"Hizi mmezipika kwenye kikaango gani?"

"Cha chuma," mama akasema. "Cha mamangu mzazi."

Mpangaji akashukuru, akaipokea, akaiweka mezani. Mtoto alinyoosha mkono achukue moja. Mamake akaushika ule mkono, taratibu, akaurudisha.