Beringi Nilizosema ni Nzima

Mimi ndiye niliyeua injini ya lori la kijiji chetu, na niliiua kwa sababu nilitaka kulala kwangu. Nimetafuta sababu nyingine yenye heshima kidogo, sikuipata.

Unifahamu kwanza. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi kijijini upande wa Ipole, nikakaa. Wenzangu walikwenda Dar es Salaam. Mimi hata nikienda kisimani naaga. Lakini nina mwandiko mzuri, basi kijiji cha ujamaa kikanifanya katibu, na lori lilipopelekwa Tabora kutengenezwa, katibu akatumwa kusimamia.

Kazi yenyewe ilikuwa kubadilisha kamshafti, ule mtaimbo unaofungua valvu za injini. Fundi, mzee wa Kiarabu aliyezaliwa hapo hapo Tabora, alikuwa amepata ya aina yenye nguvu zaidi, ili lori lisikwame mchangani likiwa na tumbaku. Siku ya tatu akaniita.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Njoo uone."

Alikuwa ameshika beringi za krenki, vile vipande vyembamba vilivyopinda kama maganda, ambamo krenki, mhimili mkuu wa injini, huzunguka. Utando mweupe wa juu ya beringi ulikuwa umelika, wekundu wa shaba unachungulia.

"Hizi zimekwisha. Injini iko wazi, tubadilishe zote. Mpya zinakuja kwa treni, ngoja wiki moja."

Wiki moja! Nilikuwa nimelala siku tatu kwa binamu yangu, kwenye mkeka wa kunguni, chai asubuhi bila hata michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa vya kwetu. Nikapitisha kucha juu ya beringi kama mtaalamu aliyetoka Ulaya.

"Mbona laini tu, mzee? Zitafika msimu ujao."

"Kucha yako imefika kidato cha nne, lakini injini haisomi vyeti. Hii kamshafti inaongeza nguvu, na mzigo wote utaangukia hapa. Unampa mzee mbio za kijana na magoti yale yale."

"Wewe funga."

Akafuta mikono. "Lori si langu, nafunga. Lakini wenzako waambie nilichosema."

Nikamwitikia kwamba nitawaambia.

Kwenye mkutano nilisimama, nikakohoa kama mtangazaji wa redio. "Ndugu wanachama, fundi amezikagua beringi, amesema ni nzima." Wakapiga makofi. Nikaenda kula michembe ya mke wangu, nimenyoosha miguu.

Kwa majuma machache lori lilikimbia hata dereva akanisifu, nami nikazipokea sifa kana kwamba niliichonga ile kamshafti kwa meno. Kisha likapakiwa tumbaku ya msimu mzima. Katikati ya pori injini ikaanza kugonga kama mtu anatwanga, ikakamata, ikanyamaza. Mvua ikanyesha siku mbili, turubai likavuja, na tumbaku ya watu ikaoza pale pale njiani.

Mkutano ukaitwa tena. Mwenyekiti akauliza nani alisema beringi ni nzima.

"Si yule fundi wa mjini?" mmoja akadakia.

"Mnyonyaji yule. Kaziacha mbovu makusudi, ili turudi kwake."

"Kupe mkubwa."

Kinywa changu kilikuwepo, msomaji, tena hakikuwa na kidonda. Nilichofanya ni kuyaandika yote daftarini. Ikaamuliwa asipelekewe kazi tena, na vijiji jirani vionywe. Barua za kuvionya niliziandika mimi, kwa mwandiko ule ule mnaousifu.

Vijiji vikamwacha kimoja baada ya kingine. Nasikia siku hizi gereji yake hufunguliwa mlango mmoja tu, naye hukaa kando yake bila gari la kutengeneza. Hakuja kujitetea. Alimtuma dereva maneno mawili tu: "Mwulizeni katibu." Dereva akanifikishia mbele ya watu huku akicheka, na mimi nikacheka kumshinda.

Basi ninyi wenzangu wa vyeti, mnaokaa barazani na mikono misafi mkimsahihisha mtu mwenye grisi hadi viwikoni, nawaonya. Akisema kitu kimekwisha, kimekwisha. Kama kungoja kumekushinda, sema kumekushinda wewe. Usiazime jina la mtu mwingine kufunikia uvivu wako, maana kulirudisha likiwa safi mimi hadi leo sijaweza.

Jana nilimsomea barua hii ninayowaandikia ninyi Mama Kulwa, jirani yangu, ambaye tumbaku yake ilikuwa kwenye lile lori. Alisikiliza hadi mwisho, anachambua mlenda, hakuinua kichwa. Nilijiandaa kwa matusi, na ndani kwa ndani nilitegemea hata kusamehewa. Akasema, nami nanukuu kama alivyosema:

"Jina lako hukuliandika, la fundi hukuliandika, na bado umekaa kwako. Basi la Tabora linapita Jumatatu, katibu."